Swali Ambalo Sikumuuliza Mzee Njiku

Wanangu mliovaa sare juzi, mimi yangu nimeshaivua. Siku hizi nafuga kuku na kulima alizeti huku Ilongero, na magoti yangu yanapata habari za mvua kabla ya redio. Mwezi uliopita walikuja wanafunzi wawili wa uuguzi kunisalimia. Waliniamkia vizuri, wakanywa uji wangu wa uwele bila kukunja uso, kisha mmoja akaniuliza, "Bibi, katika miaka yote ya kazi, kosa lako kubwa lilikuwa lipi?" Nikawasimulia siku nilipomwogesha mwanamume kuanzia kichwani hadi miguuni, nikamkausha, nikambadilishia shuka, na nilipomaliza akaniambia kwa adabu kwamba yeye si mgonjwa. Alikuja kumtazama ndugu yake, ndugu akaenda chooni, naye akajilaza kidogo kupumzisha mgongo. Nikamfokea kwa nini hakusema mapema. Akasema, "Sista, nilikuogopa."

Walicheka mpaka uji ukawapalia, na mimi nikacheka. Lakini nilipokuwa nawasindikiza nikajua nimewadanganya, kwa maana lile halikuwa kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa ni la Mzee Njiku, na sijawahi kulisimulia lote.

Kituo cha afya nilichokuwa nafanya kazi sitakitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu, si la kituo. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimeshafunguliwa. Mitumba imejaa minadani, mabasi ya watu binafsi yanashindana kupiga honi, na kila mwenye shamba la alizeti anaota mashine yake mwenyewe ya kukamua mafuta. Hospitalini nako wagonjwa wameanza kuchangia gharama, na jambo hilo lilibadilisha kitu kimoja ambacho hakuna aliyetuandikia kwenye waraka. Anayelipa alianza kuingia chumbani na mgonjwa. Zamani mzee aliingia peke yake na fimbo yake. Sasa aliingia na mwanaye mwenye risiti, na sisi bila kujijua tukawa tunamwelekezea maswali mwenye risiti.

Mzee Njiku alikuwa Mnyaturu wa miaka sitini na kitu, mkulima na mfugaji, mrefu, mkimya, mtu asiyevua koti hata jua la Oktoba. Alikuwa ameanza kusumbuliwa na mkojo. Madaktari wa hospitali kubwa walimpima wakamkuta na saratani ya tezi dume, na kwa bahati nzuri walikuwa wameiwahi. Akapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi. Alipanda treni pale Manyoni akiwa na mwanaye mkubwa, akakaa Dar wiki saba kwa mtoto wa dada yake, na kila siku ya kazi alienda kulala chini ya mashine dakika chache kisha akarudi. Alirudi kwetu amekonda, na kadi mkononi. Kadi ilisema tumwone kila miezi mitatu.

Niwaeleze kidogo, hasa ninyi ambao hamjafika somo hilo. Tezi dume ni kiungo kidogo kinachokaa chini ya kibofu. Mionzi inaiua saratani, lakini majirani wa hiyo tezi nao wanaguswa: kibofu, njia ya haja kubwa, na mishipa inayomwezesha mwanamume katika ndoa. Shida za kibofu na za tumbo huonekana mapema. Shida ya ndoa huja polepole, miezi kadhaa, mwaka, hata zaidi. Nilikuwa najua yote hayo. Nilifundishwa, nikajibu mtihani, nikapata alama nzuri. Lakini kulijua jambo darasani na kulitamka mbele ya mzee aliyekuzidi umri ni kazi mbili tofauti, na mimi niliijua ile ya kwanza tu.

Siku ya kwanza aliingia na Ntandu, yule mwanaye mkubwa. Ntandu alikuwa kijana mwema, ananukia mafuta ya alizeti mpaka kwenye nywele, na ndiye aliyekuwa anagharamia kila kitu. Mimi ni Mnyiramba, Kinyaturu changu ni cha kununulia kuku. Mzee alikuwa anasikia Kiswahili, ila kwa habari za mwili alipenda lugha yake, kwa hiyo Ntandu akasimama katikati yetu.

Nikamwamkia mzee, akaitikia. Nikauliza, "Mkojo unaendaje?" Ntandu akauliza, mzee akaiambia sakafu maneno mawili.

"Anasema ni mara nyingi, ila hauumi," Ntandu akasema.

"Tumbo?"

"Linakimbia kidogo."

Basi nikajikaza. Nikavuta pumzi, nikauliza lile nililodhani ni swali la kitaalamu na la heshima kwa pamoja. "Na maisha ya nyumbani, mzee, yakoje?"

Ntandu akauliza. Mzee alimtazama mwanaye, akanitazama mimi, akatazama dirisha. Kisha akasema maneno mengi kidogo.

"Nyumbani salama, Sista," akasema Ntandu. "Mbuzi wamezaa."

Nikaandika kwenye rejista: Hana shida. Nikapiga mstari chini yake kwa rula, kwa sababu mimi ni mtu wa usafi.

Sasa, pale kituoni tulikuwa na mhudumu wa wodi aliyeitwa Omari. Alikuwa ametuzidi umri sisi wote, darasa alilifikia la nne, na kazi yake ilikuwa kupiga deki, kubeba wagonjwa na kuchoma taka. Wodi ya wanaume alikuwa anaijua kuliko daktari. Jioni hiyo akanijia na ndoo yake, akasema taratibu, "Sista, yule mzee umemuuliza habari za chumbani mbele ya mtoto aliyemzaa. Kwetu mtu atakufa kabla hajajibu."

Mimi nilikuwa na mkanda mweupe wa cheo, wenye bizimu inayong'aa. Nikamwambia, "Omari, wodi ya wazazi umeshaipiga deki?"

Akachukua ndoo yake akaenda. Naandika haya na bado nasikia aibu.

Ziara ya pili Mzee Njiku aliichelewesha mpaka karibu mwaka mzima, akaja anaharisha vibaya na moyo unamwenda mbio. Nikasema hiyo ni mionzi, nikampa chumvichumvi ya kuongeza maji na nasaha za chakula: apunguze pilipili na pombe ya mtama, ale ugali laini na mlenda, anywe maji ya kutosha mchana na apunguze jioni. Nasaha zilikuwa nzuri, ila hazikuwa za ugonjwa aliokuwa nao siku hiyo, kama mtakavyoona. Ziara ya tatu alikaa mwisho kabisa wa benchi, mbali na akina mama wenye watoto, na nilipomshika mkono kuhesabu mapigo akauvuta kwa nguvu. Nikaandika: Mzee mkali kidogo. Hana shida.

Mara tatu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka mmoja na miezi miwili tangu mzee arudi kutoka Dar, Jumatano moja asubuhi, akaja mkewe. Mama Ntandu alikuwa mwanamke mfupi mwepesi, wa kucheka na mtu wa kwanza anayemwona njiani. Siku hiyo hakucheka. Alikuwa na mfuko wa safari begani. Akasema kichwa kinamgonga, nikampima, presha ikawa juu.

"Mama, unalala vizuri?" nikamuuliza.

"Nalala na nani?"

Nikashusha kile kifaa cha presha. Yeye hakuwa na mtu wa kumtafsiria wala mtu wa kumwonea haya, kwa hiyo yakatoka yote. Tangu mumewe arudi kutoka Dar hajalala naye hata usiku mmoja. Alihamishia kitanda stoo, kati ya magunia ya alizeti. Ana sahani yake, ana beseni lake la kuogea, nguo zake anafua mwenyewe. "Mzee mzima anafua, Sista! Watu wanapita njiani wananitazama mimi!" Ntandu alizaa mtoto wa kwanza, mtoto akapewa jina la babu, na babu hajawahi kumpakata. Akiletewa anasimama, anaondoka.

"Amepata mtu huko Dar," akasema. "Wiki saba si siku saba. Mimi nimezaa naye watoto sita, nimemuuguza, nimefua mashuka yake ya ugonjwa. Kama hanitaki aseme kwa mdomo. Nimemwambia kaka yangu. Jumamosi kuna kikao kwetu Mtinko, ukoo wote. Nikishaingia kwenye kile kikao, sirudi tena kwa yule mwanamume."

Nikampa dawa ya presha. Nikamwomba kitu kimoja tu, apite tena kwangu Ijumaa kabla hajapanda gari la Mtinko. Alikataa, nikambembeleza, akakubali kwa sababu ya ile presha.

Alipotoka nilifungua rejista. Nikaziona zile "Hana shida" tatu, kila moja na mstari wake wa rula, nikajichukia. Ndoa ya miaka thelathini na kitu ilikuwa inavunjika mbele ya pua yangu, na mimi nilikuwa nimeithibitisha kwa maandishi kwamba ni nzima.

Nikaenda nyuma, kwenye tanuri la kuchomea taka. Omari alikuwa anakoroga majivu kwa mti. Katika miaka yangu sita pale sikuwahi kumwamkia yule mtu, kwa sababu ya cheo. Nilimwita Omari kavu kavu, naye ni sawa na baba yangu. Siku hiyo nikasema, "Shikamoo, Mzee Omari."

Akaweka ule mti chini. "Marahaba. Kuna nini kimeharibika?"

Nikamweleza. Hakunisimanga. Alichosema ni kwamba yeye na Njiku walitiwa jando msimu mmoja, walilala kibanda kimoja mpaka vidonda vikapona, na kwa desturi yao waliotiwa jando pamoja hawana haya baina yao. Lile ambalo mtu hawezi kumwambia mwanaye, wala kaka yake, wala mkewe, anaweza kumwambia wa jando lake, na wa jando lake anaruhusiwa kumtukana mpaka aseme.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ninyi ni wa jando moja?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naanza kukuambia," akasema. "Ukanipeleka wodi ya wazazi."

Alhamisi Mzee Omari akapanda baiskeli, akaenda kumleta Njiku kwa kisingizio cha kupimwa presha upya. Ntandu naye akaja na gari lake, mtoto mwema, hataki baba yake atembee juani. Nikampokea, nikamsifu, nikamwomba anisaidie kupeleka sampuli za makohozi mjini, kwamba ni haraka sana. Zilikuwa haziendi mpaka Jumatatu. Mungu anisamehe, na watu wa maabara ya mjini pia.

Tukabaki watatu chumbani. Hapa sikilizeni, kwa maana hili hamtalikuta kwenye kitabu. Usimkazie mzee macho unapouliza swali la namna hii. Mpe mkono wake kazi, na wako pia. Mimi nilimfunga kile kitambaa cha presha, nikaanza kupampu, macho yangu yakawa kwenye saa ya presha, na nikasema kama mtu anayezungumza na ile saa, "Wanaume wengi waliotoka kwenye mionzi wananiambia chumbani mambo yamebadilika. Wewe kwako imekuwaje, mzee?"

Ulikuwa uongo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, kwa sababu sikuwa nimemuuliza hata mmoja. Lakini maneno yale yalimwonyesha kwamba hayuko peke yake.

Mzee Omari alikuwa ameegemea ukuta. Akasema, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Njiku, siku tuliyotahiriwa mimi nililia kimya kimya, wewe ulilia mpaka mbwa wakaitikia. Nimekutunzia hiyo siri miaka hamsini. Leo unamficha nani?"

Mzee Njiku akacheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake. Kicheko hakikumalizika, kikageuka katikati, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Wale watu wa Dar walinitendea vizuri," akasema. "Walinilaza kwenye meza, wakanichora alama kwa wino, wakaniambia nisitikisike. Halafu wote wakatoka. Daktari akatoka, nesi akatoka, hata yule wa kufagia akatoka. Wakafunga mlango mzito kama wa ghala, taa nyekundu ikawaka. Nikabaki mimi na mashine. Kila siku hivyo, wiki saba. Sasa Sista, niambie wewe. Kitu ambacho daktari mwenyewe anakikimbia, na mimi nimetiwa mwilini wiki saba, nikamlalie nacho mke wangu? Nikampakate nacho mtoto mchanga?"

Nilishindwa kupampu. Mwaka mmoja na miezi miwili huyu mtu alikuwa analala kwenye magunia ili asimuunguze mkewe. Alikuwa anafua mwenyewe ili maji yake yasimguse mtu. Aliuvuta mkono wake kwangu ili anikinge na mimi pia, nami nikamwandika kwamba ni mkali.

"Nilirudi nikiwa mzima," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mwili wangu ulikuwa kama zamani. Ndiyo maana nilihama, nilikuwa najiogopa. Siku hizi hata huo uzima umepungua. Jogoo hapandi mtungi. Nikasema basi, afadhali, sasa hakuna tena cha kuogopa. Ila moyo ukauma. Nikaenda mnadani nikanunua unga wa mizizi, nikanywa, nikaharisha nusura nife."

Hapo ndipo nilipojua ile ziara ya pili nilikuwa natibu nini.

Nikamweleza polepole, na Mzee Omari akarudia kwa Kinyaturu pale nilipoona umuhimu. Nikamwambia mionzi ile ni kama mwanga wa tochi. Ukiizima tochi, mwanga haubaki ukutani. Mashine ikizimwa, mwilini hakuna kilichobaki cha kumdhuru mtu. Wale wahudumu wanatoka kwa sababu wao wanahudumia wagonjwa wengi kila siku, mwaka baada ya mwaka, na wakibaki mle ndani kila mara watapata kiasi kikubwa bila ugonjwa wa kutibu. Yeye alikipata kiasi chake kwa ajili ya ugonjwa wake, kikaishia hapo.

"Hata siku ile ile?" akauliza. "Ningetoka kwenye mashine, nikamshika mtoto?"

"Hata siku ile ile, mzee."

Akainamisha kichwa.

La pili nikamwambia ukweli wake, kwa kuwa mzee wa namna ile humpi maneno matamu. Nikamwambia nguvu zinaweza kurudi kidogo, zinaweza zisirudi. Mionzi imegusa mishipa na haina haraka. Si laana wala uzee peke yake, na si kosa la mtu. Asinywe tena unga wa mnadani. Kuna daktari wa mkoa wa kumwona, ampime presha na moyo kwanza, ndipo waongee habari ya dawa. Na nikamwambia kwamba kuna mengi kati ya mume na mke ambayo hayamhitaji huyo jogoo. Hapo Mzee Omari akakohoa, akajifanya anatazama ukuta.

Ijumaa Mama Ntandu alifika na mfuko wake ule ule wa safari. Mumewe alikuwa ameshafika, amekaa chumba cha chanjo, amevua koti. Sikutaka kumsemea. Nilimwambia mzee yale aliyoniambia mimi amwambie mkewe, kwa lugha yao, na hakuna mtu atakayeingia. Nikamwingiza mama, nikafunga mlango. Mimi na Mzee Omari tukakaa nje kwenye benchi kama mahabusu. Akina mama wa chanjo tukawahamishia kivulini, wakanung'unika, wakatulia.

Kwanza hatukusikia kitu. Halafu tukasikia sauti ya Mama Ntandu imepanda, inafoka, inafoka kweli kweli. Nikasimama. Mzee Omari akanivuta gauni, "Kaa. Akifoka ni vizuri. Asiyemtaka mtu hamfokei hivyo."

Mama Ntandu akatoka anafuta uso kwa khanga. Akasema, "Sista, yule mzee ni mjinga. Ni mjinga kuliko mbuzi wake." Halafu akaanza kulia, na mimi nikalia, na mwanamke mmoja wa chanjo ambaye hakujua hili wala lile naye akalia.

"Nilidhani ananichukia," akasema. "Kumbe alikuwa ananikinga."

Jumamosi walikwenda Mtinko wote wawili. Kikao kilikuwa kimekaa, kaka yake ameshajiandaa kwa maneno makali. Mzee Njiku alisimama akasema kosa ni lake, kwamba ugonjwa ulikuwa umemdanganya, na mke wake anaomba kurudi nyumbani naye anaomba arudi. Hakueleza zaidi. Wakala, wakarudi. Jioni hiyo kitanda kikatoka stoo, na Ntandu ndiye aliyekibeba, bila kujua kwa nini, akishukuru tu.

Hayo mengine ya maisha yao nilikuja kuyajua kidogo kidogo, kwa sababu tangu siku ile wote wawili walikuwa wanakuja pamoja na Ntandu anabaki kwenye gari. Walichimba choo kingine karibu na nyumba. Mzee akawa anaweka kopo la usiku chini ya kitanda. Safarini alikaa siti ya mbele na kumwambia dereva mapema, bila aibu, kwamba kibofu chake hakina breki. Nikamfundisha kukaza misuli ya chini kana kwamba anazuia mkojo, mara nyingi kwa siku, akasema anafanya zoezi hilo misibani, hotuba zikirefuka. Miaka ilipopita, daktari wa mkoa alimwandikia vidonge vipya vilivyokuwa vimeanza kufika kwenye maduka ya dawa mjini. Nikamuuliza vimesaidiaje. Akafikiri, akasema, "Nusu nusu." Mkewe akasema, "Na hiyo nusu inatosha, tusiwachoshe watu."

Msidhani niliongoka mara moja nikawa malaika. Baada ya Mzee Njiku nilikuwa mtu wa kuuliza, nikauliza kupita kiasi. Mstaafu mmoja wa reli, Mgogo wa Manyoni, alikuja kwangu wiki mbili tu baada ya mionzi, na mimi nikamuuliza koridoni, kwa sauti yangu hii mnayoijua, kama chumbani bado anaweza. Benchi zima likageuka. Alichukua kofia yake akaondoka, hakurudi tena. Kwa hiyo nimekosea kwa kunyamaza na nimekosea kwa kupayuka. Uliza, ila funga mlango. Mtoe mwana nje, mtoe mkwe nje, hata kama ndiye aliyelipa. Mtafute mtu ambaye kwa desturi za mgonjwa anaruhusiwa kuyasikia, hata kama mtu huyo ameshika ndoo. Mwamkie kwanza.

Nasikia sasa mna fomu yenye swali hilo limechapwa kabisa, na kisanduku cha kuweka alama. Ni maendeleo. Lakini nimewaona wengine mnaweka alama kabla mgonjwa hajakaa. Na msingoje mwaka mzima kumuuliza, nitawaambia kwa nini.

Mzee Njiku alifariki kwa kiharusi, si kwa saratani, miaka tisa baada ya ile Ijumaa. Nilikwenda kwenye msiba. Yule mjukuu wake alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kubeba viti. Mama Ntandu alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, aliponiona akanivutia pembeni yake, akanishika mkono.

"Miaka tisa tulilala chumba kimoja," akaniambia. "Tulizeeka vizuri, Sista. Alinikanda miguu kila jioni. Nakushukuru."

Nikamwambia ni Mungu na Mzee Omari. Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya mimi tu kusikia, "Ila ule mwaka wa kwanza, alipotoka Dar. Alikuwa bado mzima. Alikuwa bado ananiweza kama zamani. Ule tungeutumia."

Hakusema kwa hasira wala hakuuachia mkono wangu. Walipomwita ndani nikabaki pale mkekani nimejifunika khanga usoni, watu wakidhani namlilia Mzee Njiku. Nilikuwa naulilia mwaka wao.